Kichwa au Mwenge: Selimundu Katika Ukoo Wetu

Mama alipimwa peke yake.

Ilikuwa 2001. Mdogo wetu wa mwisho, akiwa na miaka mitatu, alilazwa kwa mara ya nne ndani ya mwaka mmoja. Tuliishi Muheza, mkoani Tanga, nyumbani kwa kina baba. Macho ya mtoto yalikuwa ya manjano, bandama imejaa upande wa kushoto wa tumbo, na ukimgusa mguu tu alipiga ukelele uliosikika hadi ng'ambo ya barabara. Kabla ya hapo alishatibiwa malaria, halafu malaria tena, halafu baridi yabisi, halafu akapelekwa kwa mzee mmoja akachanjwa chale. Daktari aliyempokea safari ile alimuuliza mama kama mtoto aliwahi kuvimba mikono na miguu akiwa mchanga. Mama akasema ndiyo, alipokuwa na miezi minane viganja na nyayo viliumuka kama maandazi. Damu ikachukuliwa. Majibu yalipotoka tukaambiwa ana selimundu, yaani sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, na kwamba wazazi wote wawili waje wapimwe.

Baba hakwenda. Alisema yeye tangu azaliwe hajalala hospitali hata usiku mmoja, sasa anapimwa nini? Mama akaenda. Akakutwa ana AS, yaani ni mbeba vinasaba vya selimundu ingawa yeye mwenyewe si mgonjwa. Na karatasi ile ndiyo iliyomhukumu. Nilikuwa na miaka 13, nimesimama nyuma ya mlango wa jikoni, nikamsikia shangazi, dada mkubwa wa baba, akisema barazani: "Mmeona sasa? Wifi ndiye aliyekutwa nayo. Kwetu hakuna ugonjwa huo. Kaka amekwenda kuoa damu mbovu huko Usukumani, akatuletea ukooni."

Aliyepimwa ndiye aliyekutwa. Asiyepimwa akabaki msafi. Hesabu hiyo ya uongo ilikaa nyumbani kwetu miaka minane.

Mama ni mtu wa Sengerema, huko Usukumani. Baba alikuwa mwalimu, akapangiwa kazi huko, wakaoana, wakazaa watatu, halafu 1996 wakahamia Muheza, na mdogo wetu akazaliwa huku 1998. Mama hakuwa na ndugu wa karibu wa kumsemea. Kwenye shughuli za ukoo alikaa pembeni akimenya vitunguu. Binamu yangu mmoja alipotaka kuchumbia msichana wa Geita, kule kwa kina mama, wazee walimwambia amtazame mama kwanza, kisha ajiulize.

Neno lenyewe linajieleza: seli na mundu. Chembe nyekundu ya damu kwa kawaida ni ya mviringo na laini, inapenya kwenye mishipa myembamba kuliko unywele. Kwa mwenye SS, yaani mgonjwa wa selimundu, himoglobini, ile protini ya ndani ya chembe inayobeba oksijeni, ikishaiachia hushikana ikajipanga kama nyuzi ngumu, na chembe ikapinda kama mundu wa kuvunia mpunga. Chembe za namna hiyo hukwama na kuziba njia. Sehemu iliyo mbele ya kizibo inakosa hewa, na hayo ndiyo maumivu. Zaidi ya hayo, chembe ya kawaida huishi siku kama 120, lakini ya mundu huvunjika ndani ya siku 10 hadi 20. Mwili hauwezi kutengeneza damu kwa kasi hiyo, mtoto anaishiwa damu, na masalia ya chembe zilizovunjika ndiyo yanayotia macho umanjano. Miezi ya mwanzo mtoto haonyeshi dalili, kwa sababu bado anatumia himoglobini ya tumboni mwa mama, ambayo haipindi. Ndiyo maana mdogo wangu alianza kuvimba akiwa na miezi minane na si siku aliyozaliwa. Ndiyo maana pia watu walisema karogwa: mtoto alizaliwa mzima, mbona?

Na chanzo cha yote ni herufi moja. Kwenye kromosomu (uzi wa urithi) ya 11 kuna jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza sehemu ya himoglobini. Badiliko la herufi moja katika maelekezo hayo hufanya kiungo cha sita katika mnyororo wa protini kiwe valini badala ya glutamati. Mwanasayansi Vernon Ingram aliionyesha tofauti hiyo ya kiungo kimoja kule Cambridge, Uingereza, mwaka 1956. Nilipoisoma mara ya kwanza nikiwa kidato cha tano nilifunga kitabu, nikatoka nje. Dada yangu mdogo, niliyekuwa nikimbeba mgongoni kila mama alipokwenda shamba, alizikwa 1997 akiwa na miaka minne, na tuliambiwa ni malaria imempanda kichwani. Herufi moja.

Sasa nieleze jinsi inavyopita kwa baba na mama, maana hapa ndipo kwetu palipopindishwa.

Wakubwa wenzangu mnaikumbuka shilingi ya zamani: upande mmoja kichwa cha Mwalimu Nyerere, upande wa pili mwenge wa Uhuru. Shuleni hatukuanza mchezo wa netiboli kabla haijarushwa juu: kichwa au mwenge? Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Nakala nzima tuiite kichwa, nayo ndiyo A. Nakala ya selimundu tuiite mwenge, nayo ndiyo S. Mwenye AS anatembea na shilingi ya kawaida, kichwa huku na mwenge huku. Mwenye AA, shilingi yake ina kichwa pande zote mbili. Kila mimba inapotunga, baba anarusha yake mara moja na mama anarusha yake mara moja, basi.

Wote wakiwa AS, yapo matokeo manne yenye uzito sawa. Kichwa na kichwa, mtoto ni AA. Kichwa cha baba na mwenge wa mama, AS. Mwenge wa baba na kichwa cha mama, AS vilevile. Mwenge na mwenge, SS, na huyo ndiye mgonjwa. Kwa hiyo ni moja kwa nne, kwa kila mimba. Shilingi haina kumbukumbu. Haijui kwamba jana iliangukia mwenge. Baada ya dada yangu kufariki, jirani alimpa mama moyo kwamba keshapata wake mmoja, waliobaki watakuwa wazima. Baada ya mdogo wetu kugundulika, mwingine akasema hapana, sasa wote watakaofuata wataugua. Wote wawili walikosea kwa namna ileile.

Chukua nyumba 256 ambazo baba na mama wote ni AS na kila nyumba ina watoto wanne. Kwa wastani nyumba 81 hazitapata mgonjwa hata mmoja. Nyumba 108 zitapata mmoja. Nyumba 54 wawili, 12 watatu, na nyumba 1 itapata wote wanne. Sisi tuko kwenye zile 54: mimi ni AS, kaka anayenifuata ni AA, dada aliyefariki (kwa dalili zote ninazozikumbuka) na mdogo wetu ni SS. Lakini hizo nyumba 81 ndizo zinazonifikirisha zaidi. Theluthi moja hivi ya wazazi wa namna hii, wakiwa na watoto wanne, hawajui kabisa kwamba wanabeba. Wanakaa barazani wanasema, kwetu hakuna ugonjwa huo.

Na baba angekuwa AA? Mama angerusha mwenge mara mia, na asingepatikana mgonjwa wa SS hata mmoja, kwa sababu upande wa baba kingeanguka kichwa kila mara. Mtoto akiwa SS, wazazi wote wawili wametoa. Kwa hiyo 2001 baba hakuhitaji kwenda maabara ndipo ijulikane. Mdogo wangu, akilia kitandani na chupa ya damu ikining'inia juu yake, ndiye aliyekuwa cheti cha baba. Hakuna aliyekisoma, au aliyekisoma hakuthubutu kusema.

Swali la mbona kuna S nyingi hivi kwetu lina jibu linalogusa Muheza moja kwa moja. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, mwaka 1949 alikusanya damu sehemu mbalimbali za nchi hiyo akaona jambo geni: pwani na kando ya Ziwa Victoria wabebaji walikuwa wengi, nyanda za juu zenye baridi walikuwa wachache sana. Mbu wapo wapi? Pwani na ziwani. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba AS humkinga mtoto dhidi ya malaria, na tafiti za baadaye, zikiwemo za Kilifi, zilionyesha kinga hiyo ni kubwa mno dhidi ya ile malaria kali inayoua. Kwa maelfu ya miaka mtoto wa AS aliponea pale ambapo wa AA alizikwa, naye akazaa. Muheza ni mji wa machungwa na mbu. Sengerema iko ukingoni mwa ziwa. Koo mbili ambazo hazikuwahi kujuana, kila moja ilikingwa na mwenge wake, hadi mwalimu mmoja alipopangiwa kazi. Hakuna damu mbovu hapo. Ipo damu iliyowavusha bibi zetu, na gharama yake imelipwa na wajukuu wachache.

Si kila ugonjwa wa kurithi hufuata njia hii, na inafaa kuzijua nyingine ili lawama isihamie pengine. Ualbino hupita kama selimundu: lazima baba na mama wote watoe. Aina iliyoenea zaidi kwetu hutokana na jeni iliyoko kwenye kromosomu ya 15, na Tanzania hukadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino kati ya kila 1,400, wakati Ulaya ni mmoja kati ya watu kama 17,000 au 20,000. Hata hivyo ni wanawake wangapi wameachwa na waume kwa kuambiwa wamezaa na mzungu, au na jini? Mume anayetoka nyumba hiyo kwa hasira amebeba nusu ya sababu ndani ya mwili wake.

Hemofilia, damu isiyoganda vizuri, ina njia nyingine, maana jeni yake iko kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, kwa hiyo moja ikiharibika nyingine kwa kawaida humsaidia. Mwanamume ana moja tu. Hivyo mama mzima anayebeba anaweza kumpa mwanawe wa kiume ugonjwa, na baba mgonjwa hawezi kumpa mwanawe wa kiume, ila binti zake wote watabeba. Malkia Victoria wa Uingereza aliisambaza hivyo katika koo za kifalme za Ulaya, hadi kwa mtoto wa mfalme wa mwisho wa Urusi. Huku mtu anaweza kusema, si kweli basi ni kwa mama? Ndiyo, lakini theluthi hivi ya wagonjwa hawana historia yoyote katika ukoo, badiliko limezuka upya. Na upo ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo, ambao nakala moja tu inatosha. Mzazi mmoja mgonjwa, kila mtoto yuko nusu kwa nusu, na kwa kawaida dalili hutokea mtu akishafika miaka thelathini hadi hamsini, akiwa ameshazaa. Vijiji vya kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, vyenye wagonjwa wengi, ndivyo vilivyosaidia jeni hiyo kupatikana mwaka 1993.

Rudi Muheza. Mwaka 2009 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na kichwa kimejaa baiolojia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaonja vitisho vya nusu majibu: kituo kimoja cha afya kilinipima kwa kile kipimo cha haraka kinachoonyesha tu kama S ipo au haipo, wakaniandikia nina sikoseli. Wiki nzima mama hakula. Kipimo kile hakitofautishi mbebaji na mgonjwa. Ilibidi niende Tanga mjini, damu ikapitishwa kwenye mashine inayotenganisha aina za himoglobini, ndipo ikaandikwa AS. (Na nisiwasahau wanaoniambia, "Mimi ni O na mchumba wangu ni O, tuko salama." Kundi la damu ni jambo jingine kabisa, halihusiani.)

Nilimchorea baba shilingi mbili nyuma ya daftari. Hakubisha. Nilitegemea abishe. Aliangalia mchoro muda mrefu, akasema, "Kesho tutakwenda." Tulikwenda. Karatasi ilipotoka ilikuwa na herufi zilezile za mama, AS. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo cha mfuko. Usiku alimwita mama chumbani. Sijui walisemezana nini na sijawahi kuuliza. Asubuhi yake alikwenda na mdogo wangu kliniki, kwa mara ya kwanza, yeye mwenyewe, na tangu siku hiyo mpaka anafariki 2016 hakukosa tarehe hata moja. Lakini kwa dada yake hakusema neno.

Hilo namlaumu nalo. Nampenda baba, na namlaumu. Kunyamaza kwake kulimwacha mama kwenye vitunguu.

Mdogo wangu sasa ni mtu mzima, fundi simu, mkorofi, ana mpenzi. Anakunywa foliki asidi kila siku, na haidroksiyurea, dawa inayoufanya mwili urudie kutengeneza ile himoglobini ya uchangani isiyopinda. Utafiti uliotoka 2019, uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ulionyesha dawa hiyo kwa watoto wa Afrika inapunguza maumivu, maambukizi na hata vifo, na mimi nimeuona ukweli wake kwa macho: kabla yake alilazwa kila baada ya miezi miwili, na sasa mwaka unaweza kupita. Upandikizaji wa uloto, sehemu ya ndani ya mfupa inayotengeneza damu, umeshaanza Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa. Yapo pia matibabu ya kuhariri jeni, yaliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, ambayo bei yake Marekani ni zaidi ya dola milioni mbili kwa mgonjwa mmoja. Siku nilipomsomea habari hiyo alinyamaza, halafu akaniomba nimpe bisibisi.

Mimi nimeolewa na mwanamume wa AA. Tulipima kabla ya posa, na ningeolewa naye hata angekuwa AS, ila tungejua tunaingia wapi. Sikubaliani na wanaosimama kwenye mimbari wakisema AS na AS waharamishiwe ndoa. Saudi Arabia ilipolazimisha vipimo kabla ya ndoa mwaka 2004, iliwaachia wachumba wenyewe uamuzi baada ya kujua majibu. Cha kupigania ni kujua mapema, wote wawili, kwa kipimo sahihi. Wanangu ni wawili: mkubwa ni AA, mdogo ni AS. Mwenge umefika kwake, na siku moja nitamwonyesha shilingi.

Julai iliyopita nilikwenda kwa shangazi na daftari. Sitasema uongo, nilikwenda na hasira ya miaka. Muuguzi wa kliniki Dar es Salaam alikuwa amenifundisha kuchora mti wa ukoo: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mstari wa mshazari juu ya aliyefariki. Nilitaka kuuchora upande wa baba, mbele yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Kaa, umenye chungwa."

Nikamuuliza bibi alizaa wangapi. Tisa, akasema. Wangapi walikua? Sita. Nikachora miraba na maduara, nikakata mishazari mitatu, nikamuuliza wale watatu waliumwa nini. Wa tatu hamkumbuki. Wa saba aliishiwa damu. Wa tano, akasema, huyo ndiye aliyekuwa wake, yeye ndiye aliyekuwa akimlea. "Vidole vilikuwa vinamvimba, hivi. Tukasema ameogeshwa maji ya baridi. Macho manjano kama binzari. Akishikwa na maumivu hataki mtu mwingine, anataka nimbebe mimi mgongoni, tuzunguke uani mpaka..."

Hakumaliza. Kisu kilibaki ndani ya chungwa. Hasira niliyokuja nayo sikujua niiweke wapi, maana na mimi nilimbeba wangu mgongoni.

"Kwa hiyo mama yangu naye," akasema.

"Bibi na babu, shangazi. Wote wawili."

Akavuta daftari, akaweka kidole kwenye duara lake mwenyewe. Nikamweleza kwamba mtu aliyezaliwa na wazazi kama hao akakua mzima, tumeshaliondoa lile tokeo la SS, yamebaki matatu, na mawili kati yake ni AS. Mbili kwa tatu. Akahesabu wanawe kimya kimya, halafu wajukuu. Mjukuu wake mmoja, binti, posa yake ilikuwa imepokelewa mwezi ule. Akaniuliza kipimo hicho hufanywa saa ngapi, na kama mtu ni lazima aende hajala.

"Hata akiwa ameshiba," nikasema.

Asubuhi tulikuwa watatu kwenye bajaji: shangazi, mjukuu wake na mimi. Tulipofika njia panda, ambapo hospitali ni kulia, shangazi alimgusa dereva begani akamwambia akate kushoto kwanza, apite kwa wifi yake.